Ngao nne za jicho kwa mtoto aliyeviliwa na damu ndani ya jicho: ipi inafaa, na dawa gani ziende nayo

Kwa aliye na haraka, hukumu yetu ni hii. Ngao ya plastiki angavu yenye matundu ni ya kwanza, ya alumini ni ya pili, kikombe cha plastiki kilichokatwa kinatosha kwa safari ya kwenda hospitali, na pamba iliyobandikwa juu ya jicho haifai hata kwa saa moja. Matone ya dawa yasinunuliwe mpaka jicho lipimwe. Mwenye nafasi na asome mpaka mwisho, maana kuna siku chemisti itakuwa na aina moja tu ya ngao, na hapo kujua sababu kutakusaidia kuliko kujua jina.

Jeraha tunalolizungumzia ni la jicho lililogongwa na kitu butu likavilia damu ndani. Vitu vinavyogonga macho ya watoto upande huu wa magharibi mwa Kenya vinajulikana: mpira wa juala uliokazwa kwa kamba hadi ukawa mgumu kama jiwe, jiwe lililorushwa kutungua maembe, kokoto la manati, raba ya kufungia mizigo kwenye bodaboda iliyofyatuka, muwa mtoto akiuchomoa kwenye trela kule Muhoroni au Mumias, kiwiko cha ndugu wakicheza kitandani, na fimbo. Fimbo shuleni ilikatazwa na sheria ya elimu ya msingi ya 2013, lakini haijaisha.

Jicho likibonyezwa kwa mbele linatanuka kwa pembeni. Pale ambapo irisi, ile sehemu yenye rangi, imeshikana na ukuta wa jicho, panachanika, na mshipa mdogo ukikatika damu inamwagika katika nafasi iliyo kati ya kioo cha mbele na irisi. Nafasi yenyewe ni ndogo mno: kwa mtu mzima inabeba kama robo ya mililita, yaani matone matano hivi. Mtoto akikaa wima damu inatuama chini na kufanya mstari, kama chai iliyobaki chini ya kikombe. Akilala chali inatawanyika, na mzazi anaona ukungu tu au haoni kitu, hasa kwa macho meusi ya watoto wetu ambapo damu hujificha juu ya irisi nyeusi. Ukitaka kuangalia, mkalishe wima robo saa, kisha mulika kwa tochi ya simu kutokea pembeni. Usiguse kope.

Damu iliyo juu ya weupe wa jicho ni kitu kingine na peke yake hupona yenyewe kwa wiki mbili tatu. Ila isikuliwaze, maana zote mbili zaweza kuwa katika jicho moja.

Sasa kwa nini ngao? Kwa sababu siku mbaya mara nyingi si siku ya kwanza. Mshipa uliokatika huzibwa na bonge la damu, na kati ya siku ya pili na ya tano bonge hilo husinyaa na kuanza kuyeyuka kabla mshipa haujapona sawasawa. Hapo mguso mdogo, mto uliokunjamana, ngumi ya mtoto mwenyewe akijipangusa usingizini, unaweza kuufungua upya. Damu ya pili kwa kawaida huwa nyingi kuliko ya kwanza, na ndiyo inayopandisha presha ya jicho na kuharibu mshipa wa kuona. Kwa hiyo ngao si tiba ya kuponya jeraha. Kazi yake ni kuzuia mkono, kiwiko na mto kwa siku tano hizo, usiku na mchana, na baada ya hapo usiku kwa wiki mbili hivi. Tumezipima zote kwa kazi hiyo tu.

Ngao ya plastiki angavu: nyota tano

Ni kikombe kifupi chenye umbo la yai, chembamba, chenye vitundu vya kupitisha hewa. Ubora wake mkubwa ni kwamba mtoto anaendelea kuona kupitia kwake. Hapigani nayo sana, na damu mpya ikimwagika atasema anaona giza au anaona nyekundu, au mama mwenyewe ataona mstari umepanda. Ukiliziba jicho kwa kitu kisichopitisha mwanga, damu ya pili itaingia usiku na hakuna atakayejua mpaka kesho kutwa kliniki. Kwa mtoto wa chini ya miaka saba kuna jambo lingine: ubongo wake bado unajifunza kuona, na jicho lililozibwa siku nyingi linaweza kuachwa nyuma likawa jicho vivu hata baada ya jeraha kupona.

Kabla ya kulipa, ijaribu. Iweke juu ya kaunta, bonyeza katikati kwa kidole gumba kwa nguvu. Ikinesa hadi karibu kugusa kaunta, au ikitoa sauti ya kupasuka, irudishe. Hiyo ni plastiki ya pipi. Pitisha kidole ukingoni na kwenye vitundu kutafuta ncha kali. Kisha ishike kwenye uso wa mtoto: ukingo wa juu ulalie mfupa wa nyusi, wa chini ulalie mfupa wa shavu, na kati ya plastiki na kope zilizofumbwa pabaki nafasi ya unene wa kidole. Ngao nzuri hulalia mifupa. Ikigusa jicho mahali popote, hata kwa wepesi, haina faida tena.

Ubaya wake ni ukungu. Kisumu mchana wa Februari, jasho hujikusanya ndani na mtoto anaanza kulalamika. Dawa ni vitundu. Isiyo na vitundu tusingeinunua. Kuivua kwa dakika moja, kuipangusa kwa kitambaa kikavu na kuirudisha kunaruhusiwa, mtoto akiwa ameketi na mtu mzima mwingine ameshika mikono yake. Ubaya wa pili ni saizi. Zinazojaa kwenye rafu ni za watu wazima, na kwa mtoto wa miaka mitatu ukingo wa ndani hupanda juu ya pua na ngao nzima ikawa inayumba kama meza yenye mguu mfupi. Uliza ya watoto kwa kutaja. Ikikosekana, alumini inaingia hapa.

Ngao ya alumini: nyota nne

Ni bati jembamba lenye matundu mengi kama kichujio, ukingo wake umekunjwa. Faida yake ni kwamba linakunjika kwa mkono, hivyo hata la mtu mzima unaweza kulipinda taratibu katikati, kutoka juu kwenda chini, mpaka likakumbatia uso mdogo. Linaoshwa kwa sabuni na kurudishwa. Mtoto huona kidogo kupitia matundu, si vizuri kama plastiki, lakini mwanga unaingia.

Tatizo ni hilohilo la kupindika. Mtoto akilalia upande huo, bati linabonyea ndani na linabaki vivyo hivyo, na sasa kitu kilichowekwa kulinda jicho kinaligusa. Kila asubuhi livue, litazame kwa pembeni, lirudishe mviringo wake. Na tafadhali usilipunguze kwa mkasi ili litoshe. Ukingo uliokatwa ni wembe, na hata ukiuzungushia plasta, plasta huteleza kwa jasho ifikapo saa nane mchana.

Kikombe kilichokatwa: nyota tatu, kwa saa chache tu

Hili ni la nyumbani au la shule, kwa safari. Chukua kikombe cha yoghurt, kisafi na kikavu, kata ubaki na kitako chenye kina cha sentimita tatu au nne. Zungusha plasta ukingoni mara mbili hadi usiweze kuhisi plastiki iliyokatwa. Mdomo wake uwe mpana kuliko tundu la jicho, ili ukae kwenye nyusi na shavu. Tumeipa nyota tatu kwa sababu inapatikana pale pale mtoto alipoumia, na dakika hizo ndizo ambazo mtoto hujifikicha zaidi. Kwa kulala usiku haifai: inajitokeza mno, na ikigongwa inazunguka.

Pamba na bandeji: hapana

Tunajua ndiyo inayofanywa kwa upendo, na ndiyo iliyomo ndani ya kisanduku cha huduma ya kwanza cha shule nyingi. Lakini pamba inakandamiza. Kama ukuta wa jicho umepasuka, na mara nyingine kwa nje hutajua, kukandamiza kunaweza kusukuma vilivyomo ndani vitoke nje. Pamba pia inaficha damu mpya. Kufunga macho yote mawili, mtindo wa zamani, ni vibaya zaidi kwa mtoto: anaogopa, analia, anapapasa, na kilio chenyewe kinapandisha presha. Miwani ya jua nayo haina msaada, mkono unapita chini yake.

Kuibandika isitoke

Hapa ndipo ngao nzuri hushindwa, na kosa ni la mafuta. Watoto wetu hupakwa mafuta usoni kila asubuhi, na plasta haishiki juu ya mafuta. Pangusa paji na shavu kwa kitambaa chenye maji na sabuni kidogo, mbali na kope, kausha kabisa, ndipo ubandike. Na mafuta ya uso yakome mpaka ngao iondolewe.

Tumia plasta ya karatasi ya upana wa sentimita 2.5. Ile nyeupe ya kitambaa inashika vizuri lakini inang'oa ngozi ya mtoto, na siku ya tatu hatakubali uiguse. Kata vipande viwili au vitatu vya urefu wa sentimita 15 hivi. Kila kimoja kianzie katikati ya paji la uso, kipite juu ya ngao kwa mshazari, kiishie kwenye shavu karibu na sikio. Usivute kwa nguvu. Plasta iishike ngao tu, isiigandamize. Mtoto wa miaka miwili ambaye bado anaing'oa avalishwe soksi safi mikononi wakati wa kulala, zifungwe kwa ulegevu kwenye kifundo cha mkono. Inaonekana ukatili lakini inafanya kazi.

Kitanda nacho ni sehemu ya tiba. Kichwa kiinuke nyuzi 30 au zaidi, ili damu ituame chini, iache katikati ya mboni wazi na isizibe njia za kutolea maji ya jicho pande zote. Mito miwili haitoi hilo, mtoto huteleza na shingo inapinda huku mgongo umelala. Njia rahisi ni rula ya shule ya sentimita 30. Pima rula mbili kutoka mwisho wa godoro upande wa kichwani kuja chini, halafu inua mwisho huo wa kichwani kwa rula moja, kwa blanketi zilizokunjwa chini ya godoro. Sentimita 60 za mwinuko kwa sentimita 30 za kimo ndizo nyuzi 30. Mtoto mwenye kitanda kimoja na nduguze alale peke yake siku hizo.

Mchana anaweza kukaa, kula, kuzungumza, kuhadithiwa. Si lazima afungwe kitandani. Kumlaza kabisa bila kusogea hakujaonyesha kuzuia damu ya pili kuliko utulivu wa kawaida wa nyumbani. Asikimbie, asiruke, asipande bodaboda, asiiname kuchota maji, asibebe kitu kizito. Choo kigumu kitibiwe kwa matunda na maji mengi, kwa kuwa kujikamua nako ni kupandisha presha.

Dawa

Kosa la kwanza hutokea kaunta ya chemisti. Mzazi anasema jicho limegongwa, anapewa matone yenye antibiotiki na steroidi pamoja, au mrija wa mafuta ya tetrasaiklini. Mafuta yanafunika kioo cha jicho na tabibu haoni ndani. Jicho likiwa limepasuka, mafuta yanaweza kuingia ndani. Maziwa ya mama, maji ya chumvi na maji ya majani nayo yaachwe. Kabla ya kupimwa, dawa moja tu inaruhusiwa, nayo ni parasetamoli ya maumivu: miligramu 15 kwa kila kilo ya uzito, kila baada ya saa 6, isizidi mara nne kwa siku. Kwa dawa ya maji yenye miligramu 120 katika mililita 5, mtoto wa kilo 16 hupewa mililita 10. Ibuprofeni, diklofenaki na aspirini zisitumike kabisa. Zinazuia damu kuganda, na bonge ndilo linaloziba mshipa. Soma karatasi ya dawa za mafua, nyingine zimefichwa humo. Na kama jicho linaonekana kupasuka, hata parasetamoli ya kunywa iachwe, kwa sababu mtoto anaweza kuhitaji nusu kaputi. Asile wala asinywe.

Baada ya kupimwa, chupa zinazoandikwa mara nyingi ni hizi.

Atropini ya asilimia 1, mara moja au mbili kwa siku. Inailegeza misuli ya ndani na kuituliza irisi, maumivu yanapungua na mshipa hauvutwivutwi. Ni dawa nzuri, lakini ndiyo inayohitaji heshima kuliko zote. Tone moja lina karibu nusu miligramu, na kwa mtoto mdogo sehemu yake hupita puani ikaingia mwilini. Uso ukiwa mwekundu na mkavu, joto likipanda, moyo ukienda mbio au mtoto akianza kuweweseka, acha na umpeleke hospitali. Chupa ifungiwe juu kabatini. Mtoto akiinywa inaweza kumuua. Na mwalimu aambiwe kwamba mboni itabaki imepanuka na kusoma karibu kutakuwa kwa ukungu kwa wiki moja au zaidi, asije akamwadhibu kwa kuchelewa kunakili.

Prednisoloni asetati ya asilimia 1, mara nne kwa siku, hupunguza uvimbe wa ndani. Ni maziwa meupe, dawa yenyewe hutuama chini ya chupa. Asiyeitikisa anampa mtoto maji siku za mwanzo na dawa kali siku za mwisho. Deksamethasoni ya asilimia 0.1 hutumika pale hiyo inapokosekana. Zote mbili zikiendelea kwa wiki nyingi zinaweza zenyewe kupandisha presha, kwa hiyo hazinunuliwi tena bila kupimwa. Andika tarehe ya kufungua juu ya chupa, na baada ya siku 28 itupwe.

Timololi ni ya kushusha presha, mara mbili kwa siku, na kwa wadogo huanziwa ile ya asilimia 0.25. Mtoto mwenye pumu asipewe. Brimonidini, nayo ya kushusha presha, isitumike kwa mtoto wa chini ya miaka miwili, kwa kuwa inaweza kusimamisha pumzi. Asidi ya traneksamiki ya kunywa, inayozuia bonge la damu kuyeyuka, miligramu 25 kwa kilo mara tatu kwa siku kwa siku tano, huandikwa na baadhi ya madaktari. Mapitio ya tafiti ya Cochrane, mtandao wa kimataifa unaochambua tafiti za tiba, yanaonyesha kwamba dawa za jamii hiyo huenda zikapunguza damu ya pili, ila hazijaonyesha kuboresha uwezo wa kuona mwishoni. Usikate tamaa basi kama hukuandikiwa.

Namna ya kutia: mtoto aegemee kwenye mwinuko wake, afumbe macho, udondoshe tone moja kwenye kona ya ndani karibu na pua, halafu umwambie afumbue. Linaingia lenyewe, bila kumng'ang'ania. Tone la pili la dawa ileile ni hasara, jicho halina nafasi. Kati ya dawa na dawa subiri dakika tano. Bonyeza kwa wepesi mfupa wa pua kando ya kona ya jicho kwa dakika moja ili dawa isishuke puani. Bonyeza mfupa, usibonyeze jicho.

Kliniki yenyewe nayo ipimwe

Ngao na dawa havina maana kama mtoto hakupimwa ipasavyo. Kisumu iko hospitali ya rufaa ya Jaramogi Oginga Odinga, ile ambayo wengi bado wanaiita Russia. Vihiga iko hospitali ya macho ya Sabatia. Nakuru iko hospitali ya rufaa ya kaunti. Popote uendapo, huduma ya nyota tano ina mambo yafuatayo, na mzazi ana haki ya kuuliza.

Uwezo wa kuona unapimwa kwanza, kila jicho peke yake, kabla ya tone lolote. Kisha mtoto anatazamwa kwa darubini ya macho, na kimo cha damu kinaandikwa kwa milimita au kwa theluthi, pamoja na mchoro. "Kuna damu" haitoshi, kwa sababu kesho mwingine atashindwa kujua kama imepanda. Presha ya jicho inapimwa kwa milimita za zebaki, ya kawaida ni kati ya 10 na 21. Kwa watoto, kipimo cha mkononi chenye kijiti chepesi kinachogusa na kuruka, kisichohitaji dawa ya ganzi, ni neema, na kliniki iliyo nacho tungeisafiria. Lakini kama mboni imevutika kama tone la machozi, kama kuna kitu cheusi kimejitokeza kwenye weupe, au jicho limelegea na kuzama, presha haipimwi: ni ngao, chanjo ya pepopunda iangaliwe, na chumba cha upasuaji. Ndani kukiwa hakuonekani kwa damu, na jicho halijapasuka, ultrasaundi hutumika kutazama retina. Na mtoto anayetapika, moyo wake ukipungua kasi, na jicho halipandi juu hata kama ni jeupe kabisa, huenda amevunjika mfupa wa chini ya jicho na msuli umenaswa. Hilo nalo ni la siku hiyohiyo.

Sikoseli, yaani selimundu, ugonjwa wa kurithi unaopinda chembe nyekundu za damu. Hapa tunasisitiza kwa nguvu zote, kwa kuwa kandokando ya ziwa na Magharibi kwa jumla wanaobeba chembe hiyo ni wengi, na wengi hawajijui maana hawaugui. Ndani ya jicho chembe nyekundu hupinda zikawa ngumu, zinakwama kwenye njia za kutolea maji, na presha inapanda hata kwa damu kidogo. Mshipa wa kuona nao hukosa damu kwa presha ambayo mtoto mwingine angeivumilia. Asetazolamidi, kidonge cha kawaida cha kushusha presha, huongeza asidi katika damu na kuzifanya chembe zipinde zaidi. Kwa hiyo kipimo cha sikoseli kifanywe kabla ya kidonge hicho. Kliniki isiyouliza habari za sikoseli kwa mtoto mwenye damu ndani ya jicho, sisi tungeipa nyota moja hata iwe na mashine mpya.

Kulazwa si kwa kila mtoto. Anayelazwa ni yule ambaye damu imepita nusu, presha iko juu, ana sikoseli, amevuja mara ya pili, hatulii, au anatoka mbali kiasi kwamba hawezi kurudi kila siku kwa siku tano za mwanzo. Mtu wa Bondo au Budalang'i mwenye matatu mbili na bodaboda katikati ni bora alazwe, hata kama damu ni theluthi. Na jeraha lenye hadithi isiyoeleweka, hasa kwa mtoto mchanga, liangaliwe kama huenda ni kipigo. Namba ya bure ya kusaidia watoto ni 116.

Kuosha damu kwa upasuaji hufanywa kwa wachache, na mzazi anapoona damu imejaa huuliza kwa nini hawaitoi leo. Bonge bichi likivutwa linamwaga upya, kwa hiyo madaktari husubiri kama presha inaruhusu. Mipaka inayotumika ni presha ya 50 kwa siku tano, au 35 kwa siku saba, ingawa kwa mtoto madaktari huwahi zaidi. Damu ikijaa kabisa na presha ikakaa 25 au zaidi kwa siku tano, kioo cha jicho huanza kulowa damu na kugeuka rangi ya kutu. Hiyo kutu inaweza kuchukua miezi hata miaka kuondoka, na kwa mtoto wa miaka minne miezi hiyo inatosha kuleta jicho vivu. Kwa mwenye sikoseli, presha ya 24 kwa siku moja tu ni sababu ya kuchukua hatua.

Rudi usiku huohuo, usingoje kliniki, ukiona haya: maumivu yaliyokuwa yametulia yamerudi, mtoto anatapika, anasinzia isivyo kawaida, mstari wa damu umepanda, au anasema giza. Anayetapika na aligongwa kichwa, apimwe ubongo pia.

Damu ikishaisha, kwa kawaida ndani ya wiki moja, familia nyingi haziji tena. Hapo tunawasihi. Karibu wiki ya nne daktari huweka lenzi yenye vioo juu ya jicho kutazama pembe ya ndani ambako kuta zilichanika. Mapema kuliko hapo kugusa jicho namna hiyo kunaweza kulitoa damu. Retina nayo hutazamwa mzunguko mzima. Pembe ikiwa imechanika kwa zaidi ya nusu ya duara, presha inaweza kupanda miaka mitano, kumi au zaidi baadaye, bila maumivu na bila wekundu, katika jicho linaloonekana zima. Kwa hiyo presha ipimwe kila mwaka, maisha yake yote. Andika kwenye kadi ya kliniki jicho gani, tarehe ya jeraha, na presha ya juu kabisa iliyofikiwa, na kadi hiyo ikae pamoja na cheti cha kuzaliwa. Ngao ioshwe kwa sabuni, ikaushwe, ipelekwe shuleni pamoja na roli moja ya plasta ya karatasi, iwekwe kwenye kisanduku mahali palipokuwa na pamba.